Mguu wa Mashamba Thelathini na Moja

"Karibu shambani, Kilonzi," shamba lilisema.

Kavutha hakuitikia. Alikuwa amezoea, kila siku kama Jumanne hii, kuitwa Kilonzi asubuhi, kisha kabla jua halijapanda aitwe Ndinda, na ikikaribia adhuhuri aitwe majina mengine mawili ya watu aliowabeba mgongoni walipokuwa wachanga. Fimbo yake ilibaki langoni. Siku ile ya kwanza alipolifungua shamba hakuwa na fimbo, kwa hiyo masikio yaliyofukiwa udongoni hayakuijua fimbo, na kitu kisichojulikana na masikio hakikanyagi njia ya mwenye shamba.

Akaendelea kati ya vigingi vyeupe, taratibu. Mguu wa kushoto ulitua mzima. Wa kulia ulifuata nyuma, goti limekakamaa kama mlango uliovimba kwa mvua, kisigino kikiburuta na kuacha mfereji mdogo kwenye vumbi. Hatua arobaini hadi tuta la tatu, hatua arobaini kurudi. Chini yake, kina cha kiganja, yalilala masikio kumi na mawili, meusi, kila moja kama kokwa la parachichi.

Kilonzi alikuwa langoni ameshika ile fimbo kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe. Alikuwa mwanamume mjane wa miaka hamsini hivi, mwembamba, shati limefungwa hadi kifungo cha juu.

"Limekubali, susu?" akauliza. Susu ndivyo watu wa Kyandoa wanavyomwita bibi.

"Limeniita Kilonzi. Tukiendelea hivi nitaota ndevu."

Kilonzi akacheka, lakini jicho lake lilikuwa kwenye bomba. Bomba likakohoa mara mbili, likatema hewa, kisha maji yakaanza kutona kwenye mipira iliyolazwa kando ya mistari ya ndengu. Simu mfukoni mwake ikatetemeka kumjulisha kwamba ruzuku ya siku kumi imeingia. Hakuitoa. Haikuwa adabu kuitazama mbele ya Kavutha, na hilo hakuna aliyelifundisha. Wote walilijua tu.

Mambo yalikuja hivi. Zamani serikali ililipa ruzuku kwa orodha, na orodha zikajaa wakulima wasiojua jembe hushikwa wapi, watu wa magorofani waliopokea mbolea ya mashamba wasiyoyaona hata kwa ndoto. Wakaja na kadi, kadi zikaazimwa. Wakaja na alama za vidole, vidole vikatengenezwa vya mpira huko mjini. Ndipo Idara ya Ruzuku ikaleta masikio. Jina halina kazi tena, walisema kwenye baraza. Shamba lenyewe litamtambua mwenyewe kwa mwendo wake. Mguu wa kwanza kuingia na mbegu ndio utakaoshikwa, na utashikwa miaka saba. Mguu huo usikike kila siku ya kumi, nayo mbegu, maji na fedha vitakuja. Siku kumi zikipita bila mguu, shamba linafungwa. Mgeni akipita njia ya mwenye shamba mara tatu, linafungwa pia, hadi mwaka wa saba.

Watu wa Kyandoa walisikia vizuri. Wala hawakuwa wajinga. Ila huko hakuna mtu anayejifungulia upanzi mwenyewe. Huitwa mtu mwenye mkono mwepesi, yule ambaye mbegu zake hazikai chini bure, naye kwa miaka ishirini alikuwa Kavutha, na kabla yake mama mkwe wake. Huvua viatu, hushika kibuyu cha mbegu, hupita mstari wa kwanza peke yake, na wenye shamba husimama nje ya lango kimya mpaka atoke. Ndivyo walivyofanya mwaka ule wa masikio, shamba baada ya shamba, wala hakuna aliyefikiri kwamba kuna la kuuliza. Mwenye shamba aingie kwanza, walisema wa serikali. Na kweli, shamba lilifunguliwa kwanza kama linavyofunguliwa siku zote. Kila nyumba ikaandikisha jina lake na simu yake. Mguu ukawa mmoja, mguu wa Kavutha, kwenye mashamba thelathini na moja.

La kwake yeye je? La kwake hakulifungua, maana mwenye mkono mwepesi hajifungulii. Lilifunguliwa na wifi yake Syombua, ambaye alikufa kwa homa ya mapafu mwezi wa pili wa mwaka uliofuata. Shamba la Kavutha likafungwa kabla ya mbaazi kukauka. Tangu hapo alikula alichopelekewa: kibaba cha kunde huku, maziwa ya mbuzi kule, na kila Jumapili mtu wa kumchotea maji.

Walikuwa wamekwenda ofisini mwanzoni kabisa, wazee wanne na Kavutha. Afisa wa ruzuku, kijana mpole aitwaye Nzioki, aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akainuka akafunga mlango.

"Mama," akasema, "haya mliyoniambia sijayasikia. Nikiyasikia, mtambo una neno lake kwa mguu mmoja kwenye mashamba thelathini na moja. Unaitwa mkulima hewa. Nitatakiwa kufunga yote leo kabla ya chakula cha mchana, na kila nyumba irudishe ilichokula."

"Lakini si hewa," Kavutha akasema. "Mimi huyu hapa."

"Ndiyo, mama. Na masikio ya shamba moja hayaongei na ya shamba jingine, mshukuru Mungu kwa hilo."

"Sasa tufanyeje, mwanangu?"

Nzioki alikizungusha kikombe chake cha chai kwenye kisahani, akakizungusha tena.

"Tembea, mama. Miaka saba si mingi."

Huu sasa ulikuwa mwaka wa nne.

*

Picha ya goti ilikuwa ukutani, kubwa kuliko mlango. Daktari aliigusa kwa kidole ikageuka, mifupa ikaonekana kwa upande.

"Ni kama mawe mawili ya kusagia," akasema, "na katikati hamna nafaka. Yanasagana yenyewe. Unalala usiku, mama?"

"Nalala saa zile linapochoka kuuma."

Mutindi, binti yake, aliyekuja kutoka mjini kwa ajili hiyo, akamtazama. Mwaka mzima kwenye simu alikuwa akiambiwa ni baridi tu.

"Tunalo goti," daktari akasema. "La serikali, hulipi chochote. Zamu yako ni Alhamisi ijayo, saa sita mchana, gari litakufuata nyumbani. Ila usikose. Mtambo ukikuta kitanda kitupu saa sita humpa anayefuata, na wewe unarudi mwisho wa foleni. Foleni ni miezi kumi na mmoja."

"Na hiyo miezi kumi na mmoja akiingoja?" Mutindi akauliza.

"Mfupa wa chini umeanza kumeguka. Hautangoja. Baada ya miezi mitano, sita, hatutakuwa na pa kuliweka goti. Hapo ni kiti cha magurudumu." Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mwema na hakupenda kuwaacha wagonjwa na neno baya, akatabasamu. "Lakini tusifike huko. Utatembea, mama. Utatembea vizuri kuliko zamani. Hutachechemea tena maisha yako yote."

Kavutha alitazama ile picha. Alichechemea tangu alipoangukiwa na gogo akiwa msichana wa miaka kumi na sita. Aliolewa akichechemea, akazika mume akichechemea.

"Daktari," akasema, "hamna la kuchechemea?"

Daktari akacheka kwa furaha, akamwambia Mutindi kwamba mama mwenye utani hupona upesi.

*

Jumamosi kikundi cha mwethya kilikutana kwa Ndinda, kama kila Jumamosi, kulimiana. Lakini majembe yalilazwa kando. Ndinda alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na miwili mwenye watoto wanne na mdomo usiopumzika, na kwa miezi miwili alikuwa akijifunza kutembea kama Kavutha. Kavutha aliketishwa kwenye kiti cha pekee chenye mgongo, mguu juu ya gunia, atoe hukumu.

Ndinda alikuwa amejifunga kamba nyuma ya goti, na ndani ya soksi ametia jiwe. Akapita uani mbele ya wanawake.

"Kisigino, Ndinda, kisigino!" mmoja akamwambia. "Unaruka kama kuku aliyekanyaga kaa la moto."

"Wewe nyamaza, wa kwako ulikuwa mwendo wa bibi harusi."

"Susu, anafanana?"

"Anafanana na mimi nikiwa nimelewa," Kavutha akasema, na wote wakacheka mpaka wakafuta macho, yeye pia.

Kisha Ndinda akavua viatu, akaenda kwenye vigingi vyeupe vya shamba lake. Kicheko kikaisha. Alama moja ya mgeni alikuwa nayo tayari, ya mwezi uliopita. Akashusha pumzi. Kushoto mzima, kulia kuburuta. Kushoto mzima, kulia kuburuta. Alifanya vizuri, Kavutha aliona. Kama angekuwa yeye sikio, angedanganyika. Hatua ya sita, ya saba.

"Mgeni," shamba lilisema, kwa ile sauti yake ya upole isiyokuwa ya mwanamume wala ya mwanamke.

Ndinda alisimama hapo hapo, mguu wake ukiwa nusu hewani. Kwenye kigingi cha mwisho taa ndogo ya pili ikawaka nyekundu. Sikio halisikii mguu tu, aliwahi kueleza Nzioki. Linasikia uzito wa mtu, na jinsi anavyosita kabla ya kukanyaga. Na mtu hasiti sawa na mwingine kama hana maumivu yake.

Alirudi akaketi chini, akaanza kufungua kamba. Hakuna aliyemtania. Mwisho ni yeye mwenyewe aliyesema.

"Aende. Mimi nasema susu aende akatibiwe. Kabla ya haya masikio hatukuwa tunakula?"

Kabla ya masikio mvua zilikuwa zinanyesha. Sasa misimu mitatu ilikuwa imepita mikavu, na ndengu zote za Kyandoa, zenye maua ya manjano kwa wakati huo, zilisimama kwa maji ya bomba. Kila mmoja pale alilijua hilo.

"Anayekubali aende ainue mkono," Ndinda akasema.

Mikono ikainuka, yote. Kilonzi, aliyekaa na wanaume karibu na ua, aliinua wa kwake juu kupita wengine. Lakini kila mtu alitazama mahali pake, mmoja majembe, mmoja vidole vya miguu yake. Wakakubaliana na jambo jingine, kwamba wiki hiyo nzima Kavutha asikanyage shamba la mtu, mguu upumzike. Wakamletea uji wa mawele, wakamletea na blanketi la hospitali, jipya, lenye maua.

*

Gari la hospitali lilifika Alhamisi saa mbili asubuhi, jeupe, halina dereva. Mlango ulifunguka wenyewe, ngazi ikashuka hadi chini.

"Habari ya asubuhi, Bi. Kavutha," gari likasema. "Safari ni ya saa mbili. Tutafika saa nne."

"Mapema hivyo!" Mutindi akasema kwa furaha, akamfunika mama yake na lile blanketi. Alikuwa amemsuka nywele jana yake, mistari sita, na kumpaka mafuta miguuni.

Barabara ya kutoka Kyandoa hupita kati ya mashamba. Walikuwa hawajaenda mbali gari liliposimama. Kilonzi alikuwa katikati ya njia, kofia mkononi. Gari lile haliwezi kumkaribia mtu chini ya hatua nne. Husimama na kungoja.

Akaja dirishani.

"Susu, nisamehe. Ni langu tu. Siku kumi zinaisha kesho. Maua yameanza kushika, yakipata maji siku kumi nyingine hivi yatakuwa maganda, hata wakifunga baada ya hapo nitavuna. Ni langu tu, mbio mbio."

"Kilonzi!" Mutindi akasema. "Uliinua mkono. Mimi nilikuona."

"Niliinua, dada. Na bado nimeinua."

Kavutha alitazama ndengu nyuma yake. Siku mbili tatu hazikuwa zimeguswa na maji ya kutosha, majani yamejikunja kama viganja vya mtoto aliyelala. "Tuna muda," akamwambia binti yake. "Saa mbili nzima tumezidisha."

Hatua arobaini kwenda, arobaini kurudi. Goti lililopumzishwa wiki nzima liliamka na hasira. Karibu shambani, Kilonzi. Bomba likakohoa. Kilonzi alimpandisha garini akimshika kiwiko, akasema Mungu akutangulie, susu, na kwa kweli alimaanisha.

"Tumechelewa dakika kumi na tatu," gari likasema.

Kwenye kona walikuta lango la pili liko wazi, mama na mumewe wamesimama njiani. Ni letu tu, susu. Lango la tatu alikuwa mzee kipofu na mjukuu wake wa kike. Ni langu tu. Kila mmoja alikuwa ametoka nyumbani kwake peke yake asubuhi ile, akiamini wengine wote wametimiza neno lao, na kwamba moja tu halingeharibu kitu. Walipoonana kwa mbali, lango kwa lango, wengine waliinamisha vichwa kama waliofumaniwa. Lakini hakuna aliyeondoka njiani.

Mutindi alishuka akalia kwa watu, akawashika mashati. "Mtamuua! Mnamwona anavyotembea?" Walimwona. Baadhi yao walilia naye. Kavutha alipita kati yao akaingia, akaitwa majina yao, akatoka. Kwenye lango la sita kisigino kilianza kuacha kitu chekundu kwenye ule mfereji wa vumbi. Kwenye la nane alipumzika mara mbili, na akaogopa kwamba kupumzika kutamfanya mgeni, lakini sikio lilimngoja.

La tisa na la mwisho kabla ya barabara kuu lilikuwa la Ndinda.

"Saa nne kasoro dakika tano," Mutindi akasema, sauti imekauka. "Mama, tukipita sasa hivi tunafika saa sita kasoro. Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu tangu nizaliwe."

Ndinda hakuwa njiani. Alikuwa kando, ameipa barabara mgongo, anashughulika na mnyororo wa lango. Gari halikusimama kwa ajili yake, lilipunguza mwendo tu, na Kavutha akaliambia lisimame.

"Ndinda."

"Nenda, susu!" Ndinda hakugeuka. "Mimi nimefungua kuku watoke. Nenda zako, kwa nini unasimama?"

Lango lilikuwa wazi hadi mwisho. Hapakuwa na kuku. Kati ya vigingi vyeupe njia ilikuwa imefagiwa, kokoto zote zimetolewa moja moja na kutupwa kando, hadi tuta la tatu na kurudi. Na mistari ya ufagio ilikuwa bado mibichi, haijakanyagwa na mtu. Pale pabaya, kwenye mteremko, mtu alikuwa amemwaga mchanga laini.

Kavutha aliikunja ile pembe ya blanketi iliyomwangukia. Aliutazama mguu wake uliopakwa mafuta.

"Mama," Mutindi akasema.

"Nashuka," Kavutha akasema, na gari, lililofundishwa kumtii mgonjwa, likateremsha ngazi.

Ilimchukua dakika ishirini na mbili. Ndinda alibaki amegeukia ua muda wote, na mabega yake yakawa yanapanda na kushuka. Shamba liliposema karibu shambani, Ndinda, alijifunika uso kwa kanga.

Wakaingia barabara kuu. Kisha gari likasema, kwa upole, kwamba kwa mwendo unaoruhusiwa wangefika saa sita na dakika kumi na saba. Kwamba kitanda kimepewa mgonjwa mwingine. Kwamba zamu ya Bi. Kavutha ni baada ya miezi kumi na mmoja. Je, warudishwe nyumbani?

 Mutindi alikuwa amekishika kile kisigino chenye damu kwenye mapaja yake, amekifunga kwa kitambaa chake cha kichwa.

"Turudishe," Kavutha akasema.

Walirudi kwa njia ile ile, na sasa hapakuwa na mtu barabarani, wala langoni. Milango ilifungwa. Maji tu ndiyo yaliyosikika, shamba moja likikoma jingine linaanza, yakitona kwenye ndengu pande zote mbili za njia.

Nyumba ya Kavutha iko nyuma ya tuta la tatu, na tangu shamba lifungwe yeye huifikia kwa njia fupi, ile ya kati ya vigingi. Alikataa kubebwa. Mutindi alitangulia kufungua nyumba na kuwasha moto wa maji ya kuoshea mguu, naye akafuata nyuma, fimbo mkononi, kwani hapa fimbo haikumdhuru mtu. Udongo ulikuwa umepasuka. Vigingi vilikuwa vimeinama, na cha mwisho kilikuwa na taa zake tatu nyekundu, zilizokuwa zikiwaka kwa mwaka wa tatu sasa.

Kushoto mzima. Kulia kuburuta.

"Mgeni," shamba lilisema.

Kavutha alisimama, akaegemea fimbo kwa mikono yote miwili.

"Hodi," akasema, na kwa mazoea akangoja kuitikiwa.